Benki Yangu Haimo Kwenye Orodha: Wasomaji Wauliza Kuhusu Programu za Hesabu Binafsi

Barua nne tulizozichagua kwa toleo hili zimetoka Dodoma na vitongoji vyake, na ingawa waandishi wake hawajuani, wote wanaulizia jambo moja: kwa nini benki na programu ya hesabu aliyoichagua mtu mwenyewe hazisikilizani, na afanye nini ili zisikilizane. Barua tumezifupisha, na majina ya benki zilizolalamikiwa tumeyaondoa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, ninaishi Kisasa. Mshahara wangu unapitia benki, lakini matumizi mengi ninayafanya kwa simu. Nilinunua programu ya hesabu za nyumbani iliyotengenezwa Ulaya, nikailipia ya mwaka mzima, na nilipofika mahali pa kuchagua benki nikakuta orodha ndefu ya benki za Ujerumani, Uingereza na Hispania, yangu haimo. Nilipokwenda kwenye tawi, karani akanijibu kwa upole kwamba benki haitambui programu za nje. Nihame benki au niachane na programu?

Mwalimu, benki usihame, na programu usiitupe bado, ingawa ile ada ya mwaka nakushauri uihesabu kuwa karo. Orodha uliyoiona imetokana na sheria za huko programu ilikotengenezwa. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la huduma za malipo linaloitwa kwa kifupi PSD2, likaanza kutumika Januari 2018, na kwa agizo hilo benki inalazimika kumfungulia mtoa huduma mwenye leseni mlango wa kielektroniki wa kuingilia kwenye akaunti ya mteja, mradi mteja mwenyewe ameridhia. Uingereza nayo, mwaka huohuo wa 2018, ilizitaka benki zake kubwa tisa zianze kufanya hivyo kwa utaratibu mmoja. Wajerumani walikwisha kutangulia: tangu miaka ya 1990 benki zao zilikuwa na lugha ya pamoja iliyoitwa HBCI, baadaye FinTS, ambayo programu ya kompyuta huitumia kuuliza salio na kuvuta miamala. Mtengenezaji aliyeko huko anaandika programu moja na inafungua milango mingi. Hapa kwetu mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu, yaani TIPS, unaunganisha benki na mitandao ya simu ili fedha itoke huku na kuingia kule, lakini kazi yake ni kupitisha fedha, wala haukuwekwa kwa ajili ya kuipa programu ya mtu binafsi historia ya akaunti yako.

Karani hakukosea. Ninyi wawili mlikuwa mkizungumzia mambo mawili. Yeye alidhani unaomba programu yako iunganishwe na mitambo ya benki, jambo ambalo karani wa dirishani hana mamlaka nalo, ilhali unachohitaji ni faili tu, na faili halina haja ya kujua litafunguliwa na programu gani. Ukirudi pale, usitaje kabisa jina la programu. Sema hivi: "Naomba taarifa ya miamala yangu ya miezi mitatu katika CSV au Excel, siyo PDF." Kabla hujapoteza asubuhi kwenye foleni, ingia kwanza kwenye huduma ya benki mtandaoni kwa kutumia kompyuta badala ya simu, kwa sababu chaguo la kupakua Excel au CSV mara nyingi huwa kwenye ukurasa wa kompyuta peke yake, na mteja anayetumia simu janja anaweza kumaliza miaka bila kujua kwamba lipo.

Nasisitiza habari ya PDF kwa sababu ndiyo inayowachosha wengi. PDF imechorwa ili jicho la mtu lisome. Ndani yake hakuna safu wala jedwali, kuna maandishi yaliyopangwa kukaa mahali fulani kwenye karatasi, na ndiyo maana ukiyanakili kwenda kwenye Excel maelezo ya muamala yanaangukia kwenye safu ya kiasi na salio linakwenda kujibanza mstari wa chini. Ikiwa benki imekupa PDF iliyopigwa picha kwa skana, hali ni mbaya zaidi, maana hata hayo maandishi hayamo, ni picha tupu. CSV, kwa upande mwingine, ni maandishi makavu yaliyotenganishwa kwa alama ya mkato, na programu nyingi zinayasoma: GnuCash, ambayo ni ya bure na ilitoka katika toleo lake la kwanza imara mwaka 1998; KMyMoney; na HomeBank, ijapokuwa hii ya mwisho inataka safu zake zipangwe kwa mtindo wake na, kwa kawaida, zitenganishwe kwa nukta mkato.

Kuna muundo ulio bora kuliko CSV, nao ni OFX, uliobuniwa Marekani mwaka 1997 na kampuni tatu, mbili kati yake zikiwa Microsoft na Intuit. Ubora wake ni mmoja, lakini ni mkubwa: kila muamala una namba yake ya pekee inayotolewa na benki, kwa hiyo ukiingiza faili moja mara mbili programu inatambua kwamba muamala huo inao tayari na inauacha. CSV haina ulinzi huo. Mimi mwenyewe niliwahi kuingiza taarifa ya mwezi mmoja mara mbili, jioni moja umeme ulipokatika katikati ya kazi nikaanza upya bila kuangalia, na kwa siku kadhaa niliishi nikiamini kwamba nimelipa kodi ya nyumba mara mbili, hadi nikampigia mwenye nyumba. Benki yako ikikupa OFX, ichukue bila kusita. Isipokupa, hakikisha CSV unayopewa ina safu ya namba ya kumbukumbu ya muamala na safu ya salio baada ya kila muamala, kwa sababu hizo mbili ndizo zitakazokuonyesha penye kosa. Mkubwa wa shule yako akikuambia kuwa shule inapata taarifa za MT940, usione wivu. Huo ni muundo wa SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumiana ujumbe, na kwa kawaida benki huwapa wateja wa makampuni na taasisi, na mtu binafsi hana haja ya kuukimbilia.

Sasa tuje kwenye simu, maana umesema ndiko fedha yako inakopita. Kosa la kawaida ni kuifanya M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa kuwa aina ya matumizi, kana kwamba ni nauli au mboga. Katika programu, ifungulie simu akaunti yake kamili kama ulivyoifungulia benki, kisha uangalie jinsi muamala mmoja unavyoonekana mara mbili. Tuseme umehamisha shilingi 200,000 kutoka benki kwenda kwenye simu, na makato ya benki ni shilingi 3,000. Taarifa ya benki itaonyesha 200,000 zimetoka, halafu pengine mistari miwili ya makato, 2,542.37 ya huduma na 457.63 ya VAT ya asilimia 18. Taarifa ya simu nayo itaonyesha 200,000 zimeingia. Ukiziingiza taarifa zote mbili bila kuziunganisha, programu itakuambia kwamba mwezi huu umetumia laki mbili na umepata mapato mengine ya laki mbili, na kumbe hujatumia hata senti zaidi ya zile 3,000. Dawa yake ni kuuandika ule mstari wa benki kuwa uhamisho kwenda akaunti ya simu, kisha ule wa simu uoanishwe na huohuo badala ya kuandikwa upya. Programu nzuri itakupendekezea yenyewe ikiona kiasi kinafanana na tarehe zinakaribiana. Usilikatae pendekezo hilo kwa haraka, wala usilikubali kwa haraka: anayetoa laki mbili mara tatu kwa wiki anaweza kukuta programu imeoanisha ya Jumatatu na ya Alhamisi.

Mimi ni mkulima wa zabibu Hombolo, na nina duka dogo la pembejeo. Benki inanipa CSV. Programu niliyowekewa na kijana wangu inataka tarehe zianze na mwaka, kwa hiyo nilifungua faili katika Excel, nikabadilisha mtindo wa tarehe, nikahifadhi, nikaingiza. Malipo ya mnunuzi ya tarehe 3 Septemba yamekwenda kukaa tarehe 9 Machi, na miamala yote ya baada ya tarehe 12 programu imeikataa. Umeme wa duka umeandikwa shilingi 50. Namba za simu za wateja zimegeuka kuwa 2.55754E+11. Ni benki au programu iliyokosea?

Ndugu mkulima, benki haina kosa hapa, na programu yako haina kosa. Aliyeharibu ni Excel, kwa nia njema kabisa. Kompyuta nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Benki imeandika 03/09/2025, ikimaanisha tarehe 3 mwezi wa tisa. Excel imesoma mwezi wa tatu, tarehe 9. Ilipofika 13/09/2025 ikakuta hakuna mwezi wa 13, ikayaacha hayo kuwa maandishi ya kawaida, na ulipoamuru tarehe zibadilishwe mtindo, zile ilizozielewa vibaya zikabadilika na zile ambazo haikuzielewa zikabaki kama zilivyokuwa. Ndiyo maana mpaka wako umeangukia pale pale kwenye tarehe 12. Kwako wewe kosa hili lina hila zaidi kuliko kwa mtu mwingine, kwa kuwa zabibu za Dodoma huvunwa misimu miwili, mmoja kuanzia Februari hadi Machi na mwingine Agosti hadi Septemba, na malipo ya mnunuzi yakionekana Machi hakuna atakayeshtuka. Mfanyabiashara wa maziwa angegundua siku ileile.

Faili uliloharibu usilirekebishe. Pakua jipya kutoka benki na uliache kama lilivyo, hata kulifungua kwa kubofya mara mbili usilifungue, kwa sababu kubofya huko ndiko kunakoliita Excel. Ukitaka kuliangalia, tumia programu ya maandishi ya kawaida, ile Notepad inayokuja na Windows, na utaona mstari wa namna hii:

03/09/2025,"Ununuzi wa LUKU","50,000.00",,"1,214,300.00"

Uangalie mstari huo kwa makini, maana una karibu maswali yako yote. Tarehe iko mbele, siku ikitangulia mwezi. Kiasi kimefungwa ndani ya alama za kunukuu kwa sababu kina alama ya mkato ya kutenganisha maelfu, na alama hiyohiyo ndiyo inayotenganisha safu. Zile alama za kunukuu zikipotea, programu itasoma 50 kuwa kiasi, na 000.00 itaipeleka kwenye safu inayofuata, nawe utapata umeme wa shilingi 50 ambao TANESCO wangependa kusikia unapatikana wapi. Baada ya kiasi kuna mikato miwili isiyo na kitu katikati: hapo ni safu ya fedha iliyoingia, na kwa kuwa LUKU ni matumizi, imeachwa wazi. Mwisho ni salio.

Kuhusu hizo safu mbili, usibabaishwe na majina yake. Benki huandika hesabu kwa kusimama upande wake: fedha yako iliyoko kwake ni deni inalodaiwa na wewe, ndiyo maana ukiweka fedha inaandika krediti na ukitoa inaandika debiti. Mtu aliyesoma uhasibu kidogo, akijua kwamba mali ikiongezeka ni debiti, huziingiza safu hizo kinyume na kuona akaunti yake inapanda kila anapolipa. Wakati wa kuingiza faili, iambie programu kwamba debiti ya benki ni fedha iliyotoka, basi.

Kwenye dirisha la kuingiza faili, programu itakuuliza mtindo wa tarehe uliomo ndani ya faili. Chagua siku, mwezi, mwaka. Hiyo ndiyo kazi uliyokuwa unaifanya kwa mkono katika Excel. Ikiwa programu yako kweli haina uchaguzi huo na inang'ang'ania mwaka utangulie, basi fungua Excel tupu kwanza, nenda kwenye sehemu ya data, ita faili la maandishi kutoka hapo, na kabla ya kukubali, iambie safu ya kwanza ni tarehe ya siku, mwezi, mwaka, na safu ya namba za simu ni maandishi. Zile namba zako zimegeuka kwa sababu Excel huiona 255 na tarakimu tisa zinazofuata kuwa kiasi kikubwa kinachofaa kufupishwa, na ukihifadhi kwa CSV kinachohifadhiwa ni huo ufupisho, namba yenyewe imekwenda. Namba ya mteja aliyekopa mbolea si ya kupoteza namna hiyo.

Ukimaliza kuingiza, fanya jambo moja kabla ya kuzima kompyuta. Linganisha salio la mwisho katika programu na salio la mstari wa mwisho wa taarifa ya benki. Zikilingana hadi senti, kalale. Zisipolingana, chukua tofauti na uigawe kwa mbili; mara nyingi utakuta kiasi hicho ni cha muamala mmoja uliowekwa upande usio wake. Wahasibu wa zamani wa daftari la karatasi walikuwa wakifanya hivyo hivyo.

Ninasoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Nimepata programu ya simu inayosema itaunganisha benki yangu na mitandao yote ya simu, lakini inataka jina na nywila ninayoingilia benki mtandaoni, pamoja na ruhusa ya kusoma meseji. Ni salama?

Mdogo wangu, usiipe. Programu ya namna hii haijafunguliwa mlango wowote na benki. Inaingia kwa kujifanya wewe, inasoma ukurasa kama unavyousoma wewe, na benki haina namna ya kupambanua kati ya programu hiyo na mwizi. Ukimpa mtu nywila kwa hiari, kisha fedha ikapotea, utakuwa na kazi ngumu kuieleza benki, kwa kuwa siri hiyo ulikubali kuitunza mwenyewe siku ulipofungua huduma.

Habari ya meseji ni ya hatari zaidi kwa sababu inaonekana ndogo. Ni kweli kwamba meseji za miamala ya simu zina kiasi, jina na namba ya kumbukumbu, na programu inaweza kukutengenezea hesabu safi kutokana nazo. Lakini ruhusa ya kusoma meseji haichagui: anayesoma ya nauli anasoma pia ile ya namba ya uthibitisho ya mara moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze anazikusanya kwa kusudi gani, na kampuni isiyo na anwani wala maelezo hayo haistahili hata dakika kumi za kuijaribu. Omba taarifa ya miamala kwenye mtandao wako wa simu, ingiza mwenyewe mara moja kwa mwezi. Kwa mwanafunzi hiyo ni kazi ya nusu saa.

Mimi ni mstaafu, nilihamia Dodoma pamoja na wizara, sasa naishi Ipagala. Tangu mwaka 2003 hesabu zangu zote zimo katika Microsoft Money kwenye kompyuta ya zamani ambayo inakaribia kufa. Mafundi wawili wameniambia hakuna programu ya leo inayoweza kulisoma faili hilo.

Shikamoo mzee wangu. Mafundi wamesema kweli kuhusu faili, lakini hawakuuliza kama Microsoft Money yenyewe bado inafunguka. Microsoft iliacha kuiuza mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatoa bure toleo la mwisho lisilohitaji kusajiliwa, lililopewa jina la Sunset, ili watu kama wewe wasifungiwe nje ya hesabu zao. Maadamu kompyuta inawaka, kazi inawezekana. Kabla ya yote, nakili faili lenye herufi .mny mwishoni kwenye flashi mbili, na flashi moja akae nayo mtoto au mjukuu.

Kisha, ndani ya Money, toa akaunti mojamoja katika muundo wa QIF. Huu ni muundo wa zamani wa programu ya Quicken, umekaa wazi kiasi kwamba unaweza kuusoma kwa macho: mstari unaoanza na D ni tarehe, T ni kiasi, P ni aliyelipwa, na alama ya ^ inafunga muamala. Hauna namba ya pekee ya muamala kama OFX, wala hausemi kama siku inatangulia mwezi, kwa hiyo yale niliyomwambia ndugu yetu wa Hombolo kuhusu tarehe yanakuhusu na wewe.

GnuCash inasoma QIF, nami nakushauri uitumie hiyo, kwa sharti moja: akaunti zote uziingize kwa pamoja katika zoezi moja. Kila uhamisho uliowahi kuufanya, tuseme kutoka akaunti ya mshahara kwenda ya akiba, umeandikwa katika mafaili yote mawili, na GnuCash inaweza kuuona kuwa ni mmoja ikiwa inayatazama mafaili yote kwa wakati huohuo. Ukiingiza moja leo na jingine kesho, uhamisho wa miaka zaidi ya 20 utajirudia.

Kabla ya kuanza, fungua Money na uandike kwenye karatasi salio la kila akaunti kama lilivyokuwa tarehe 31 Desemba ya kila mwaka. Ukimaliza kuingiza, pitia karatasi hiyo ukianzia 2003, na mwaka wa kwanza usiolingana ndio wa kuutafuta. Usiendelee na unaofuata kabla haujakaa sawa. Kompyuta ya zamani usiitoe kwa fundi wala kwa mjukuu mpaka mstari wa mwisho wa karatasi umewekewa tiki.